Punda Aliyepewa Cheti

Ndugu zangu, mfikirieni mtu mmoja aliyekuwa akiuza maji katika mji mkavu. Alikuwa na punda mmoja tu, na punda huyo ndiye aliyekuwa ugali wa watoto wake. Kisimani mara nne kwa siku, madumu manne kila safari. Kamba za mzigo zikamchubua mgongo, mchubuko ukawa kidonda cha upana wa kiganja.

Mwaka huo ikatoka amri ya serikali: punda wote wapelekwe joshoni, pale mifugo inapoogeshwa dawa, wakakaguliwe. Mzima apewe cheti cha mwaka mmoja. Mwenye kidonda asibebeshwe mzigo mpaka apone, na mwenyewe akikaidi anyang'anywe. Yule bwana hakusikia neno jingine ila "asibebeshwe". Wiki mbili bila kuuza maji, watoto watakula nini? Je, wewe usingewaza hivyo?

Akakwangua masizi ya sufuria, akayachanganya na majivu na mafuta ya kula. Akajipaka kwanza mkononi, aone kama rangi imefanana na manyoya ya punda. Ilipofanana, akaziba kidonda. Mkewe akamwambia mnyama anatetemeka, hicho kitu kinamchoma. Akajibu atavumilia, ni siku moja tu.

Joshoni akamkuta mama mmoja, mchota maji mwenzake. Punda wake alikuwa na kidonda kiko wazi, nzi wamejaa.

"Mama, hata kitambaa hukumfunika?" akamcheka. "Leo madumu utayabeba wewe."

"Nitayabeba," akasema yule mama. "Yeye amenibebea miaka sita."

Bwana mifugo alipopitisha mkono mgongoni, punda alishtuka. Akauliza ana nini. Mwenyewe akasema huyu ni mwoga tu, hajazoea wageni. Basi cheti kikaandikwa, kikapigwa muhuri: mzima.

Alikuwa ameshafika getini aliposikia walionyimwa vyeti wakiitwa upande wa pili. Huko kulikuwa na sindano, dawa ya vidonda, na matandiko laini ya kuweka chini ya mzigo. Vyote bure. Akamgeuza punda, akarudi mbio.

"Mzee, na mimi nipatie dawa kidogo."

Bwana mifugo akakisoma kile cheti. "Hapa nimeandika mzima. Nimtibu nini?"

Kilichotakiwa ni kitambaa na maji kidogo, afute yale masizi mbele ya watu. Na yule mama alikuwa anatazama. Akakikunja cheti, akakitia mfukoni, akaondoka.

Siku ya tisa punda alilala njiani na madumu yake, hakuinuka tena. Cheti kilikuwa bado na miezi kumi na moja.

Na sisi je? Kila Jumapili tunaoga, tunavaa vizuri, na tukiulizwa habari tunasema nzuri. Aliyenuniana na dada yake tangu mavuno anasema nzuri. Anayempiga mkewe anasema nzuri. Amri ya Mungu tunaiogopa kana kwamba imekuja kutunyang'anya, tunatoka hapa tumeonekana wazima, na dawa tumeiacha mezani.

Lakini angalieni jambo moja. Aliyekufa siye aliyepaka masizi. Alikufa yule aliyekuwa akimbebea mzigo.

Sasa nikuulize wewe, ndugu yangu: kile kidonda unachokificha, nyumbani kwako kinamuuma nani?