Matusi Aliyoyabeba Mwoka Mikate

Mmemsikia shangazi yenu akisema, "Tusi hurithiwa, radhi hutafutwa," nanyi mnataka kujua ilikotoka. Methali hii ilianza hapa hapa Lushoto, siku alipotokea mgeni ambaye hakuna aliyemtarajia, sanduku moja mkononi, mvua ikimnyea.

Aliitwa Mendel. Alikuwa Myahudi, mwoka mikate, aliyewakimbia Wajerumani huko Ulaya. Akafungua duka la mikate, akamwajiri Mzee Shekivuli, ambaye enzi za Wajerumani hapa kwetu alikuwa mpishi wa bwana shamba mmoja. Kwa miaka minne walikanda unga pamoja na kutaniana.

Asubuhi moja Shekivuli alichelewa kufungua tanuri, mikate yote ikaungua. Mendel akapaza sauti mbele ya wateja: "Nar! Lump!" Yaani mpumbavu, tambara la mtu.

Shekivuli akamgeukia. Kisha akasema, "Bwana Mendel, maneno hayo nayajua. Bwana shamba aliyasema huku akinichapa. Wewe umeyatoa wapi?"

"Ni Kiyidi, Mzee. Lugha ya mama yangu."

"Na mama yako aliyatoa wapi?"

Jibu Mendel alilijua. Karne nyingi nyuma mababu zake waliishi Ujerumani. Walipofukuzwa wakaenda mashariki na lugha ya huko, wakaichanganya na yao, wakawabembeleza watoto kwa lugha hiyo. Matusi nayo yalikuwamo mzigoni.

"Waliokufukuza umewabeba mdomoni," alisema Shekivuli akivua aproni. Akarudi kwao Mlalo.

Mendel aliumia. Sasa, Wayahudi wana siku yao kuu ya toba, na kabla ya siku hiyo kila mtu humwendea aliyemkosea, akamwomba radhi ana kwa ana. Ilikuwa imebaki miezi miwili. Mendel akajiambia, nitakwenda siku hizo zikifika. Hapo ndipo alipokosea mara ya pili.

Alipofika Mlalo, mke wa Shekivuli, Mama Kaoneka, aliitazama miguu yake yenye vumbi.

"Umechelewa, baba. Tumemzika wiki iliyopita."

"Alisema lolote juu yangu?"

"Kila jioni alitazama njia ya Lushoto. Alikuwa akisema, 'Yule atakuja tu. Ana mdomo mchafu, lakini moyo anao.'"

Mendel akalia. Kwa desturi yao, aliyemkosea marehemu huenda kaburini na watu kumi, akakiri mbele yao. Mama Kaoneka akawaita majirani kumi. Mendel akayataja matusi yale, akaeleza maana yake, akasema, "Nilimtukana mtu asiyestahili."

"Na mwakani utakuja?" mjane akauliza.

"Nitakuja."

Alikwenda miaka kumi na moja, kwa miguu, hata safari ilipoangukia siku ya soko na duka likabaki limefungwa. Wateja wakamhama mmoja mmoja. Mwaka wa mwisho alikwenda na fimbo, duka hana tena, akasimama pale kaburini akakiri kama mwanzo.

Tusi hurithiwa, wajukuu zangu. Radhi hutafutwa.