Suti ya Mshenga na Maji ya Baridi

Wapendwa, wangapi humu ndani mmewahi kutumwa kupeleka barua ya posa? Msione haya, inueni mikono. Naam. Ninyi mnajua jinsi siku ile mtu anavyopiga pasi hata leso. Basi mfano huu ni wenu, lakini na wengine tulieni msikilize, maana huenda mkajikuta mmo ndani.

Palikuwa na mshenga mmoja, mkaguzi wa shule aliyestaafu, mtu wa kunyoosha mambo. Miaka thelathini alikuwa akishuka kwenye gari la idara, na walimu wanaanza kufunga vifungo vya mashati. Kijana wa marehemu kaka yake alipopata mchumba, ukoo mzima ulisema ni yeye tu wa kwenda kuwasemea. Kijana mwenyewe alimshika mikono yote miwili akamwambia, "Baba mdogo, wazee wa binti wametoa siku moja tu. Wameshawarudisha washenga wawili wa watu wengine. Usiponiletea jibu jema, sijui nitaanzia wapi tena."

Mzee akamjibu, "Mwanangu, hilo niachie mimi." Na alimaanisha kabisa. Alikuwa amemlea kijana yule tangu ana miaka minne, akampenda kama wa kumzaa.

Sasa kwao binti ni ng'ambo ya ziwa moja lililo katikati ya milima, huko nyanda za juu. Ziwa si kubwa, lakini lina kina, na maji yake ni ya baridi mwaka mzima. Unaweza kukuta jua linakuchoma utosi, ukachovya mkono ukautoa mbio. Barabara huzunguka kwa mbali, na wiki ile mvua zilikuwa zimebeba daraja. Ikabaki njia moja tu, kayaki. Mnaijua kayaki? Ni mtumbwi mwembamba wa plastiki, unaukalia chini kabisa karibu na maji, na ukijitikisa vibaya unapinduka. Watu wa pale walikuwa nazo za kuvushia watalii, na asubuhi ile walileta moja, ya watu wawili. Kwa hiyo wale waliomsindikiza mshenga walibaki kwenye gari, naye akateremka peke yake mpaka ukingoni na barua yake.

Alivaaje? Suti nyeusi ya vipande vitatu. Shati jeupe la pamba, tai ya damu ya mzee, viatu vya ngozi ambavyo ungeweza kujitazama ndani yake ukachana nywele. Alipendeza, tusimnyime haki yake.

Aliyekuwa akimngoja alikuwa mwanamke wa makamo. Yeye alivaa nguo nyeusi ya mpira iliyombana kuanzia shingoni mpaka vifundoni, viatu laini vya mpira, na juu yake jaketi okozi, lile la kumwelesha mtu majini, la rangi ya chungwa. Mshenga alimtazama mara moja akageuza uso. Moyoni akasema, mama mtu mzima huyu, hana ndugu wa kumwonya?

"Shikamoo, mzee," yule mama akasema. "Nimetumwa nikuvushe. Na nguo nimekuletea." Akamwonyesha kamba iliyofungwa kati ya miti miwili. Ilining'inia nguo ya mpira kama yake, na sweta jepesi la kuvaa ndani. "Nilikukadiria kwa macho ulipokuwa unashuka, nikaitoa hii. Itakutosha."

"Marahaba. Nguo ninazo, mwanangu. Ndizo hizi."

"Nzuri sana hizo, mzee, lakini ni za kukalia kiti. Pamba ikishakunywa maji inakunyonya joto lote. Na koti hilo likilowa, utakuwa umebeba gunia. Tuiweke suti kwenye mfuko huu usioingiza maji, pamoja na barua. Utavaa tukifika."

"Jua lote hili?"

"Mzee, kwenye kayaki huvalii jua. Unavalia maji."

Mshenga akacheka, kile kicheko cha mkaguzi. "Mimi naenda ukweni, siendi kuvua samaki. Unataka wakwe wanione nashuka nimevaa kama chura? Na barua ya posa haisafiri kwenye mfuko wa plastiki kama dagaa."

Yule mama hakubishana naye. Alichukua jaketi okozi la pili akamnyooshea. "Bila hili sipigi kasia," akasema, basi. Mzee akalivaa juu ya suti huku amenuna, akakaa mbele. Mama akaitia ile nguo ya mpira kwenye mfuko, akaufunga kwenye kayaki, akakaa nyuma, wakaondoka.

Naona mnatikisa vichwa. Mnamcheka? Msiharakishe. Suti ile hakuivaa kwa majivuno matupu. Aliivaa kwa ajili ya kijana wake. Kwao heshima ya ukweni huanzia mavazini, na mshenga akifika ovyo wanasema ukoo mzima ni wa ovyo. Tatizo lake ni kwamba alivalia watu atakaowakuta, akasahau kile kilichokuwa katikati.

Ziwa lilikuwa limetulia, wakavuka bila shida. Zikabaki kama hatua mia moja hivi kufika, na mshenga akawaona wenyeji wamesimama ukingoni wanamngoja, kina mama na vitenge vyao, wazee na kofia zao. Akajitazama. Lile jaketi la rangi ya chungwa lilikuwa limemkunja kola, tai haionekani kabisa. Akaanza kufungua vifungo.

"Mzee, usifungue. Bado," mama akamwambia kutoka nyuma.

"Tumeshafika, bwana."

Akavua bega moja, akavua la pili, akajiinua kidogo aweke koti sawa. Wapendwa, hakuinuka hata nusu. Kayaki ilipinduka, wote wawili wakaingia majini.

Baridi ile ilimkata pumzi. Alifungua mdomo apige kelele, sauti haikutoka. Koti likanywa maji, suruali ikamganda miguuni, viatu vikamvuta chini. Akajaribu kuishika kayaki, vidole vikakataa kukunja. Na unajua alichowaza? Hakuwaza wakwe. Aliwaza mikono ya yule kijana ilivyomshika, akaona uchungu mkubwa kwamba alimwambia niachie mimi.

Ndipo akasikia sauti karibu na sikio lake, imetulia kama ya mtu aliyekaa sebuleni. "Nitazame mimi. Usitazame ng'ambo. Pumua polepole." Yule mama alikuwa majini pamoja naye, na mikono yake inafanya kazi. Akamvua lile koti, likazama. Akalivuta jaketi lililokuwa linaelea, akamvalisha, akafunga kifungo kimoja kimoja. Akamwegemeza kwenye kayaki, akaisukuma kwa mateke mpaka ukingoni, mbele ya wale wakwe wote.

Haya, mkaguzi wetu akabebwa kama mgonjwa. Akavuliwa vilivyobaki, akavikwa sweta la mwenye nyumba na shuka nzito, akawekwa karibu na moto, miguu mitupu, kikombe cha uji mkononi. Suti haipo. Na barua? Barua ilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti, na koti liko chini ya ziwa.

Kwa desturi ya upande ule, watu wa binti hawajitambulishi mpaka mgeni ameketi na kunywa kitu. Alipomaliza uji, baba wa binti akasema, "Mgeni wetu, pole sana, na karibu. Kwetu sisi barua ya posa haipokelewi na baba. Hupokelewa na shangazi wa binti, naye ndiye anayejibu. Ngoja aje."

Mlango ukafunguliwa. Akaingia mama mmoja amevaa kitenge kipya, amejifunga kilemba, na chini ya kilemba nywele bado zinachuruzika maji. Mshenga alitamani ardhi ipasuke aingie.

Shangazi akaketi. "Barua iko wapi?"

"Iko chini ya ziwa, shangazi." Watu wakauma midomo wasicheke. Mzee akaendelea. "Nihukumu mimi. Kijana wetu usimhukumu kwa ukaidi wangu. Yeye ni msikivu kuliko mimi. Lakini niruhusu niulize. Umevusha watu hapa miaka mingi. Umewahi kuanguka ukiwa peke yako?"

"Sijawahi hata siku moja."

"Basi nguo ile unavaa ya nini?"

"Sivai kwa ajili yangu, mzee. Anayeanguka ni mgeni. Nisipovaa mimi, nani ataingia kumchukua?"

Shangazi akasema, "Na mimi nina swali moja, ndilo lililowashinda wale wawili waliotangulia. Binti yetu anakuja kwenu, na maji yenu hayajui. Siku akianguka, nani huko atakuwa amevaa?"

Mkaguzi alikuwa na maneno mengi mazuri. Alikuwa ameyafanyia mazoezi wiki nzima mbele ya kioo. Akayaacha yote. "Asubuhi ningekupa hotuba," akasema. "Sasa nakwambia nitakuwa mimi, shangazi. Ila nifundishe kuvaa."

Shangazi akainuka, akatoka nje, akarudi na ile nguo ya mpira na ule mfuko. "Hii ni yako tangu asubuhi," akasema. "Utavaa wakati wa kurudi. Na jibu letu kwa kijana wako ni ndiyo. Nitaliandika mwenyewe, nawe utalibeba ndani ya huu mfuko wa dagaa."

Wapendwa, mzee yule alicheka mpaka machozi, na shangazi naye.

Sasa tugeuke tujitazame sisi. Leo asubuhi kila mmoja wetu amesimama mbele ya kioo. Tumevalia nini? Tumevalia macho ya watu, tumevalia jua. Ndoa zetu tunazivika harusi, hatuziviki uvumilivu. Watoto wetu tunawavika sare za shule, kuomba hatuwafundishi. Maisha yakitulia kama ziwa lile, tunasema tumeshafika, na tunaanza kufungua vifungo. Wewe uliyeacha kusali kwa sababu kazi imepatikana, si kweli? Wewe uliyeacha kusamehe kwa sababu sasa una watu wanaokupigia makofi, si ndivyo? Maji ni yale yale, baridi yake ni ile ile.

Lakini sikuja hapa kuwatisha. Nimekuja na habari njema, ishikeni. Yuko Mmoja ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kuingia katika maji yetu, maana yeye haanguki. Akavaa mwili kama huu wangu na wako. Aliuvaa kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya mtu aliyekuwa amemcheka kule ng'ambo. Ndiyo maana ulipozama hukukuta maji matupu. Ulikuta mkono, na sauti inasema nitazame mimi.

Na bado hakuishia kukuokoa. Nguo uliyoikataa asubuhi hakumpa mtu mwingine, ameirudisha, anasema hii ni yako, utavaa wakati wa kurudi. Kwa maana ukitoka hapa unarudi majini, ndugu yangu. Nyumbani maji yapo, kazini yapo, hospitalini kwa mgonjwa wako yapo. Hapo mlangoni pa kanisa yuko jirani yako ambaye wiki hii ataanguka, na hajui. Imani siyo ya kukuvusha wewe peke yako. Vaa leo, ungali nchi kavu, ili jirani huyo akianguka akute kuna mtu karibu yake aliyevaa.