Kisiki Kisicho na Muhuri

Siku ile ya ukaguzi, kama wanavyosimulia waliotutangulia, msituni walikuwa watu sita na mtoto mmoja. Alikuwapo Bibi Nadhira bint Shuaibu, mjane mcha Mungu, ambaye ndiye aliyeongoza kazi. Alikuwapo Makki, mnyapara wake. Walikuwapo Sabiti na Rabii, ndugu wawili wa kuvuta msumeno, na mzee Hilali, mkata miti. Alikuwapo Sheikh Abdulwadudi, mwangalizi wa wakfu, aliyepanda kutoka mjini juu ya nyumbu wake. Na mtoto alikuwa Yusra, binti wa Bibi Nadhira, wa miezi kumi, amelala mgongoni mwa mama yake mdomo wazi.

Msitu wenyewe ulikuwa wa misunobari, katika milima ya Sham, nao ulikuwa wakfu wa mayatima. Kila boriti iliyouzwa kutoka pale iligeuka mkate na nguo za watoto wasio na baba. Kwa hiyo kuangusha mti usioruhusiwa hakukuhesabiwa kuwa wizi wa kawaida. Kulikuwa ni kutia mkono katika sahani ya yatima, na watu wa zamani waliliogopa jambo hilo kuliko simba.

Ili pasiwe na shaka, palikuwa na nyundo moja ya chuma yenye muhuri wa wakfu. Aliyekabidhiwa nyundo alipita msituni kabla ya wakataji, akaupiga kila mti uliokomaa mara mbili: pigo la kwanza usawa wa kifua, ili mkataji auone, na pigo la pili chini kabisa, shinani. Mti ukishaangushwa na kuchongwa, ule muhuri wa juu uliondoka pamoja na magome. Wa chini ulibaki kwenye kisiki, nao ndio uliokuwa shahidi mbele ya mwangalizi.

Nyundo hiyo alikuwa nayo mume wa Bibi Nadhira. Alipofariki, na eda ilipokwisha, Sheikh Abdulwadudi alimwachia Bibi Nadhira, ingawa wapo walionung'unika. Naye aliishika kwa hofu ya Mwenyezi Mungu. Watu wake aliwatunza vilevile. Sabiti na Rabii aliwabadilisha kila adhuhuri, kwa sababu anayevuta msumeno chini ya gogo huangukiwa na unga wa mbao machoni, naye hakupenda macho ya mmoja tu yachoke. Makki, ambaye mgongo ulimsumbua, hakumpa gogo la kubeba. Na Hilali alimpokea wakati ambapo hakuna mwingine aliyemtaka. Ujanani Hilali aliwahi kuiba mbuzi, akafungwa, akatubu. Miaka thelathini ilikuwa imepita, lakini watu wa mlimani walikuwa bado wakimwita Baba Mbuzi.

Basi siku ile Sheikh alikwenda kisiki baada ya kisiki, akiinama na kufuta uchafu kwa kiganja. Kila mara aliona muhuri, akasema "Alhamdulillahi," akaendelea. Walipofika bondeni, penye majani mengi, aliinama akakaa sana. Alifuta upande huu, akafuta na upande ule. Kisha akasimama taratibu.

"Kisiki hiki hakina muhuri," alisema. "Mti huu nani aliuangusha?"

"Mimi, Sheikh," alijibu Hilali.

"Kwa idhini ya nani?"

"Muhuri ulikuwapo kifuani. Niliuona kwa macho yangu. Chini sikutazama, palikuwa na majani."

Makki alicheka kwa pua. "Baba Mbuzi na macho yake. Safari hii mbuzi ana matawi."

Sheikh aliwauliza wale ndugu kama waliuona muhuri walipokuwa wakichonga gogo. Sabiti alisema wiki ile walichonga magogo tisa, na mihuri waliiona, lakini hangeweza kuapa ni gogo lipi lilikuwa na muhuri na lipi halikuwa nao. Rabii alisema yeye siku hiyo alikuwa chini, na aliye chini haoni kitu ila miguu ya kaka yake. Sheikh hakutabasamu. Aliuliza yako wapi mabanzi ya gogo lile, yaliyotoka pamoja na magome. Makki akamjibu kwamba mabanzi, kama ilivyo desturi, yalikwenda jikoni kwa mayatima, na bila shaka yalikwisha kuwa majivu.

Ndipo Sheikh akamgeukia mjane.

"Binti Shuaibu, nyundo iko kwako. Uliupiga muhuri mti huu?"

Bibi Nadhira alihisi Yusra akijigeuza mgongoni. Alisema, "Desturi yangu, Sheikh, ni kupiga kila mti mara mbili."

Maneno hayo yalikuwa kweli, na waliokuwapo wote walijua kuwa ni kweli. Sheikh akayachukua kama ushahidi. Alisema kwamba Ijumaa, baada ya swala, jina la Hilali litatajwa mbele ya watu kuwa amegusa mali ya yatima, na kwamba asikanyage tena msitu wa wakfu. Hilali aliinamisha kichwa. Alitazama kisiki, akamtazama mtoto mgongoni mwa mama yake, wala hakuongeza neno. Hiyo ilikuwa Jumatano.

Bibi Nadhira alirudi kibandani kwake akakaa kumnyonyesha Yusra. Mtoto alinyonya huku amemshika kidole, naye akawa anakitazama kile kiganja kidogo, na moyo wake haukutulia. Alirudi nyuma kwa mawazo mpaka siku aliyopiga muhuri kule bondeni. Palikuwa na ukungu. Yusra alikuwa na homa, anaungua mgongoni kama jiko. Alikumbuka amesimama mbele ya mti, amepiga kifuani, mara akasikia sauti ya Hilali kutoka upande wa njia: "Mama Yusra, mtoto huyo anaungua, hata mimi huku nasikia anavyopumua. Nenda nyumbani. Miti haina miguu, itakungoja." Akaenda, tena mbio. Pigo moja alilikumbuka. La pili, kila alipolitafuta, hakuliona.

Lakini wala hakuweza kusema ulikuwa mti upi. Ukungu ulikuwa umeifanya miti yote kuwa mmoja.

Kisha likamjia jambo jingine, likamchoma zaidi kuliko lile la kwanza. Hilali alikuwapo siku ile. Alijua kwamba Bibi aliondoka kwa haraka. Leo, mbele ya Sheikh, angeweza kusema, "Muulizeni kuhusu siku ya homa." Angejiokoa kwa sentensi moja. Hakuisema.

Alasiri Makki alikuja mlangoni akapiga hodi. Alikuwa amesikia anachofikiri Bibi Nadhira, maana Bibi alikuwa amemuuliza Rabii kuhusu siku ya ukungu, na Rabii hakuwahi kuficha kitu tangu azaliwe.

"Bibi," alisema Makki, "usiende kwa Sheikh."

"Kwa nini, Makki?"

"Ukienda, nyundo inachukuliwa. Nyundo ikichukuliwa, kazi imekwisha. Hilali ni mtu mmoja, hana mke wala mtoto. Mimi nina watoto watano. Rabii ndiyo kwanza ameposa. Na wewe una huyo."

Bibi Nadhira alimsikiliza, wala hakumwona kuwa mtu mbaya. Alikuwa amewahi kuwaona wale watoto watano wa Makki wakimkimbilia jioni kila mmoja akidai kubebwa, na yeye, pamoja na mgongo ule, akiwabeba.

"Sijui kama nilipiga chini," alisema.

"Basi usichokijua, usikisemee. Hata dini haitaki mtu aseme asilolijua."

Maneno ya Makki yalikuwa na sura ya ucha Mungu, na yalikuwa matamu, kwa sababu yalimruhusu kukaa. Yusra alikuwa amelala. Nje Sabiti na Rabii walikuwa wakibishana nani amepinda msumeno.

"Makki," alisema baadaye, "lipo moja ninalolijua. Ninajua kwamba sijui. Hilo Sheikh hakulisikia kwangu. Nilimpa desturi yangu badala yake."

"Desturi yako ni ya kweli."

"Ni ya kweli. Ndiyo maana imemuumiza mtu bila mimi kusema uongo."

Makki alisugua mgongo wake kwenye kizingiti, akaondoka bila kuaga.

Alhamisi, baada ya swala ya alfajiri, Bibi Nadhira alimkuta Hilali anafunga shoka lake kwa kamba, tayari kwenda zake. Kando yake palikuwa na kifurushi cha maranda laini, yale ya kulalia aliyokuwa akimkusanyia Yusra kila wiki.

"Ami Hilali," alisema, "kwa nini hukusema kwamba siku ile niliondoka mbio?"

Hilali aliendelea kufunga kamba. "Mimi ndiye niliyekuambia uende."

"Ndiyo. Ungeweza kusema."

"Ningesema, ningekuwa nimekwenda kumlipisha mtoto homa yake. Mtu hamwambii mama kimbia, kisha akamshtaki kwamba alikimbia." Alikaza fundo. "Tena nani angeniamini, Mama Yusra? Wangesema Baba Mbuzi kajificha nyuma ya kitoto."

Bibi Nadhira alimjibu kwa maneno mawili tu. "Nisubiri hapa."

Alipotoka akakuta punda ametandikwa. Makki alikuwa amesimama kando yake, uso umekunjamana, anakunja blanketi la pili la kumwekea mtoto. Alimpandisha Bibi, akamfunika Yusra miguu, akampiga punda kofi la mgongoni.

Mjini alimkuta Sheikh Abdulwadudi kwenye baraza la nyumba ya mayatima, anawagawia watoto uji. Alingoja mpaka bakuli la mwisho likajaa. Kisha akatoa nyundo kwenye kitambaa, akaiweka mbele yake kabla hajaulizwa.

"Sheikh, jana uliniuliza kama niliupiga muhuri mti ule. Nilikujibu kwa mazoea, si kwa nilichokiona. Siku niliyopita bondeni mtoto wangu alikuwa na homa. Nakumbuka pigo moja, la pili silikumbuki. Wala sijui ulikuwa mti upi. Ushahidi wangu naurudisha."

Sheikh akamuuliza, "Unaweza kuapa kwamba ulikuwa mti huo?"

"Siwezi."

"Unaweza kuapa kwamba haukuwa huo?"

"Siwezi, Sheikh. Na jana nilikuacha udhani kwamba naweza."

Mtoto mmoja wa mle ndani alikuja na bakuli tupu, akasimama kati yao akimwangalia Yusra. Sheikh alimshika kichwa taratibu akamsogeza pembeni.

"Bila ushahidi wako," alisema, "sina kitu juu ya Hilali. Yeye alisema aliuona muhuri, na hakuna anayempinga. Jina lake halitatajwa kesho. Arudi kazini popote atakapopata."

"Allah akulipe kheri."

"Lakini nyundo," alisema Sheikh, na hapa sauti yake ilishuka, "nyundo siwezi kukurudishia, binti yangu. Hawa hawana wa kuwasemea ila muhuri. Anayeishika asiwe na siku ya ukungu. Nakuamini leo kuliko jana, Mungu ni shahidi, lakini kuamini ni jambo moja na amana ya yatima ni jambo jingine."

Bibi Nadhira alisema, "Najua, Sheikh. Ndiyo maana nimekuja nayo."

Alimwomba ruhusa, akaondoka. Wanasimulia kwamba njiani alilia, maana alikuwa kijana bado na nyundo ile ilikuwa ya mume wake, na mpini wake ulikuwa umelainika kwa kiganja cha marehemu. Alilia, kisha Yusra alipoamka na kumcheka, akacheka naye, akaendelea na safari.

Alipofika mlimani aliwakusanya watu wake wanne akawaeleza yote, bila kujipunguzia lolote. Aliwaambia kazi ya wakfu imekwisha, na kwamba kila mmoja yuko huru kutafuta bwana mwingine, wala hatamlaumu. Rabii alifungua mdomo, Sabiti akamkanyaga mguu. Hilali alikaa chini, akafunika uso kwa kilemba chake, na watu wakamwacha mpaka akamaliza kulia.

Enyi ndugu zetu, uongo tunaujua kwa sura na wengi wetu tunaukimbia. Ila lipo neno la kweli ambalo mtu hulisimamisha mlangoni, ili neno jingine la kweli, lile zito, lisipate njia ya kutoka. Bibi Nadhira hakuambiwa na mtu kwamba amekosea. Hapakuwa na banzi wala shahidi wa kumtia hatiani, na hata leo hakuna ajuaye kwa yakini muhuri wa mti ule. Alirudi mwenyewe kuondoa neno lake la kweli mlangoni, kwa sababu mzee mmoja alikuwa amenyamaza kwa ajili yake na kwa ajili ya mtoto wake. Mwenyezi Mungu atujaalie kuuona wema unaofanywa kimya, na atupe nguvu ya kutoukalia.

Nyundo ile alipewa mtu wa kijiji cha jirani. Msimu uliofuata Bibi Nadhira alipata kazi ya kukata kuni za tanuri la chokaa, ng'ambo ya mlima, na wote wanne walikwenda naye.