Kufuli Mbili za Mfongo wa Ng'ende

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, maana wahusika wako hapa harusini na mimi nawaona, palikuwa na mfongo. Ninyi wageni wa upande wa bwana harusi mmetoka tambarare, hamjui mfongo ni nini. Ni mfereji wa maji, watu waliuchimba kwa majembe. Unaanzia kwenye banio, pale mto unapozuiwa, kule juu mlimani, unazunguka vilima, unashuka mpaka mashambani. Wetu ulitoka Ng'ende ya Juu ukanywesha Ng'ende ya Chini. Sogeeni. Ndafu, yaani mbuzi mzima wa harusi, bado inageuzwa motoni, haitakatwa sasa hivi. Na wewe mwenye koti la kijivu, acha kuchungulia jikoni, maana mwishoni nitakuuliza wewe.

Siku za nyuma kabisa koo mbili, ya Juu na ya Chini, ziligombania maji hayo mpaka mtu akafa. Wakaogopa wenyewe walichokifanya. Basi wakapatana, na kila nyumba, ya Juu na ya Chini, ikapanda isale moja, kuanzia kwenye mwamba hadi ng'ambo ya bonde. Isale ni lile jani refu la kijani. Ukimkosea mtu unampelekea jani hilo, na akishaletewa hawezi kukunyima msamaha, labda awe amechoka kuishi na watu. Mstari ule wa masale ulisema jambo moja tu: hapa tulisameheana.

Wakaja Wakofia. Nawaita hivyo kwa sababu majina yao siyataji, wangali hai na masikio wanayo. Zilikuwa dola mbili, Kofia Ndefu na Kofia Bapa, zinagawana milima ambayo haikuwa yao. Wakamchukua Mzee Kirenga wa kwetu awaongoze. Kule kwenu tambarare walikuwa wameambiwa kwamba masale hupandwa kwenye mipaka ya mashamba, na ni kweli, hupandwa. Kwa hiyo walipofika kwetu wakayakuta yamejipanga, wakafurahi mno, wakaona kazi imekwisha.

"Nani kapanda haya?" wakamuuliza Kirenga.

"Koo zote mbili."

"Kwa makubaliano?"

"Kwa makubaliano."

Wakaandika. Juu kwa Kofia Bapa, Chini kwa Kofia Ndefu. Kirenga akapewa blanketi, akarudi kwake. Wapo wanaosema hakuelewa. Wapo wanaosema alielewa vizuri sana, ila blanketi lilikuwa zito na baridi ya kwetu mnaisikia wenyewe. Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba watoto wake, na wajukuu wake, wakaitwa nyumba ya blanketi.

Basi mahali pa msamaha pakawa mpaka. Nikilifikiria hilo mpaka leo nachoka.

Haya. Kofia Ndefu na Kofia Bapa wakipatana, maji yalipita. Wakakosana. Wakajenga lango la chuma juu ya mfongo, pale pale penye masale, wakalitia kufuli mbili, kila mmoja na ufunguo wake, ili asiwepo wa kufungua bila mwenzake. Wakapigana huko kwao, sisi tukakauka huku. Halafu akainuka Kofia Manyoya, mkubwa kuliko wao wote, wakamwogopa, wakapatana tena, lango likafunguliwa. Redio hatukuwa nayo. Tulitazama mfongo tu, tukajua huko ng'ambo wanakunywa chai au wanatukanana.

Wakaondoka. Tukapewa uhuru, bendera mbili, nyimbo mbili. Lango likabaki lile lile.

Nchi ya Juu ikapata rafiki mpya, yule yule Kofia Manyoya. Nchi ya Chini, yaani sisi, tukabaki na Kofia Ndefu, na ufunguo wetu akautunza yeye, kwenye ubalozi wake mjini, eti kwa usalama. Na Manyoya na Ndefu hawakuweza hata kukaa meza moja. Lango likafungwa. Mwaka mmoja, miwili, mitatu, mpaka saba. Msidhani ni watu wa Juu peke yao waliotufungia! Kufuli moja ilikuwa ya rafiki yetu wenyewe. Alisema hataki marafiki zake wanywe maji yanayopita kwa adui zake.

Jambo moja liwekeni akilini. Mwaka wa pili askari wetu, kwa ushauri wa rafiki huyo, walivuka mpaka wakachoma soko la akina mama wa Juu. Vibanda, nyanya, pombe ya mbege, vyote. Hatukuomba radhi. Tulisema ni mambo ya serikali.

Mwaka wa saba jua likawaka. Ulezi ulikuwa umefika magotini, ukaanza kujikunja. Ulezi ule ukifa, basi, chakula hakuna mpaka mwaka mwingine.

Sasa mtazameni yule mama mwenye kilemba cha njano. Anaitwa Aikaruwa. Alikuwa mpishi wa balozi wa Kofia Ndefu, mjini. Na ufunguo wetu alikuwa akiuona kila siku, kwenye droo ya vijiko, maana balozi alizoea kufungulia chupa kwa mpini wake. Akamwomba mara ya kwanza. "Wakati wake haujafika, mama." Akamwomba mara ya pili. "Wakati wake haujafika, mama." Mara ya tatu hakuomba. Aliuviringisha ndani ya donge la unga, akaliweka kwenye kikapu, akapita mbele ya walinzi akiwaaga kwa majina yao. Akapanda gari la kurudi huku. Kazi ya miaka kumi na tisa akaiacha jikoni, na jina la mwizi juu yake.

Akafika langoni. Upande wa pili alisimama askari wa Juu, yule bwana mrefu aliyeketi karibu na ngoma, Nderingo. Ufunguo wa pili ulining'inia shingoni mwake. Nderingo alikuwa ameoa kwetu kabla ya ugomvi, mkewe na wanawe walikuwa Chini. Miaka saba aliwaona ng'ambo ya lango kila walipopita na ndoo, na amri ilikuwa asiwajibu hata salamu. Hebu fikirini.

"Shemeji," Aikaruwa akamwambia, "wangu huu hapa. Toa wako."

Nderingo akaushika ule wa shingoni mwake. "Nikifungua nafungwa, na hilo nimeshalikubali," akasema. "Lakini, shemeji, nifungue nini? Toka banio mpaka hapa mfongo umejaa udongo. Hakuna maji ya kupita. Wa kuuzibua ni watu wa Juu, na watu wa Juu hawajasahau soko lao."

Hapo Aikaruwa akakaa chini, akalia. Alilia kwa hasira, si kwa huzuni, maana namjua.

Ndipo akajitokeza mtu ambaye hakuna aliyemtazamia. Mashoya, mjukuu wa Kirenga. Nyumba ya blanketi! Mtu ambaye shamba lake liko mwisho kabisa wa mfongo, na hata enzi za maji alikuwa hapewi mpaka wote wametosheka. Asubuhi akakata jani la isale kwenye mstari ule ule alioonyesha babu yake, akavuka mpaka mchana kweupe. Askari wakamwelekezea bunduki. Akanyanyua jani. Nao ni watoto wa mlimani, wakateremsha bunduki.

Akaenda nyumba kwa nyumba, anapiga magoti. "Soko lenu tulilichoma sisi." Nyumba ya pili, "Soko lenu tulilichoma sisi." Wakamtemea mate, wengine wakamwuliza, "Ulikuwepo wewe?" Akajibu, "Sikuwepo. Lakini sikuja kabla ya leo." Nyumba arobaini na tatu. Na isale ni isale, hawakuweza kulirudisha. Kesho yake watu wa Juu walichukua majembe. Siku nne wakachimba.

Siku ya tano, saa tatu asubuhi, funguo mbili zikazungushwa pamoja. Lango likalia. Maji yakaja! Jamani, nililia mpaka nikajionea haya.

Saa hiyo hiyo Nderingo akavuliwa kofia na mkanda na wakubwa zake, akaambiwa akae pale, jioni gari litampeleka gerezani.

Mmefika hapo? Sasa sikilizeni kioja. Saa sita likaja gari refu lenye bendera mbili. Akashuka mjumbe, amevaa suti, ameshika mkasi na utepe. Akatangaza kwamba alfajiri ya siku hiyo Kofia Ndefu na Kofia Manyoya wametia saini urafiki. Kwa nini? Kwa sababu wote wawili sasa wanamwogopa Kofia Bapa! Ndiyo, yule yule. Umepotea? Na sisi tulipotea. Kwa hiyo, akasema, lango linaruhusiwa kufunguliwa, na amekuja kulifungua, ila ufunguo ameukosa kwenye droo.

Tukahesabu. Masaa matatu tu!

Kwetu kuna desturi. Aliyeleta maji hupata maji ya kwanza. Na siku ile desturi hiyo haikuwa mchezo, kwa sababu udongo wa miaka saba una kiu yake, maji yalitufikia membamba kama mkono wa mtoto. Mpaka jua kuzama yangetosha shamba moja. Kuanzia kesho yake ilikuwa zamu ya Juu, siku tisa, haki yao waliochimba. Siku tisa ulezi wetu usingezifikia. Shamba moja lingevuna. Mengine yangekufa.

Aikaruwa akasema kwanza. "Bila ufunguo wangu mngekuwa mnalitazama lango tu. Nimeacha kazi, sitaandikwa kokote tena. Sina kingine ila lile shamba. Mnipe."

Nderingo akasema palepale alipokuwa amekaa. "Mimi siombi kitu changu. Jioni nachukuliwa. Miaka saba sikuwalisha wanangu. Mlinyweshe shamba la mke wangu, nijue wanakula."

Mashoya tukambembeleza aseme. "Kama ni kwa sababu ya babu yangu, mnipite kama kawaida," akasema. "Kama ni kwa sababu ya magoti yangu, yatazameni." Akapandisha suruali. Sitaki kuwaeleza magoti yale.

Mjumbe naye akakohoa. "Ndugu wananchi, nawapa pole. Lakini tuseme kweli. Leo saa sita lango lingefunguka bila mtu kuiba wala kuasi amri. Na nani analiacha wazi kesho? Ni urafiki huu. Maji ya kwanza yanyweshe mti wa urafiki, tupige picha, wakubwa wafurahi, lango lisifungwe tena."

Aikaruwa akamgeukia. "Lingefunguka, baba, likapitisha nini? Udongo?"

Watu wakacheka. Lakini wengine hawakucheka, maana lile la kesho lilikuwa na uzito. Askari wa Juu walikuwa bado na bunduki, na mfongo mmeshauona ulivyo, unafungwa na watu ambao hatuwajui kwa sababu ambazo hatuzielewi.

Wote wakamtazama mgawa zamu. Mgawa zamu ndiye mwenye jembe la kufungua njia ya maji kuingia shambani, na akishapiga hakuna wa kubisha. Alikuwa mwanamke mmoja mwenye mdomo mrefu. Mnamtazama. Ni mimi, Manka.

Jua lilikuwa limeanza kuinama. Maji yananipita miguuni, yanapotea. Na shamba langu? Mgawa zamu hujipa mwisho. Langu nilikuwa nimeshalisahau.

Nikapiga jembe.

Mjumbe sikumpa. Alikasirika, akakata utepe wake hewani, akapiga picha na lango, akaondoka. Na kabla ulezi haujaiva Kofia Ndefu na Kofia Manyoya walikuwa wameshakosana tena, ikaja amri mpya, fungeni. Watu wa Juu wakajibu kwamba lango limepotea. Kweli lilikuwa limepotea, tulikuwa tumeling'oa pamoja nao. Hiyo ndafu mnayoisikia harufu yake, vyuma vilivyo chini yake ndivyo lango lenyewe.

Lakini hayo nilikuja kuyajua baadaye. Siku ile niliwajua watu watatu tu na maji yanayokwenda. Shamba moja lilivuna. Wawili walikula kwa majirani wa Juu mwaka mzima, mmoja wao akazika mtoto. Leo binti wa Mashoya anaolewa, wote watatu wapo, wamekaa kwenye hema moja. Mmoja alipofika alinipa mkono, akainamisha uso. Wawili wamenipita kama nguzo ya hema. Sitawaambia ni wawili gani, na msithubutu kwenda kuwauliza.

Ninyi ni wageni, hamna shamba hapa, hamna wa kumwogopa. Na nimeanza kuzeeka, nataka kujua kabla sijamkabidhi mtu jembe. Haya, mwenye koti la kijivu, nilikwambia nitakuuliza. Jembe shika. Jua linazama, maji ndiyo hayo yanapita.

Je, ungempa nani?