Kwa Nini Ukwe Huachwa Ufukoni

Asubuhi mlimsikia Masatu akimwita mama mkwe wake kwa jina lake tupu katikati ya ziwa, mkacheka mpaka mtumbwi ukayumba. Kisha mkaniuliza kama kijana yule hana adabu. Anayo. Tulieni niwaeleze, maana kucheka usichokijua ni kazi nyepesi.

Hapo kale ukwe haukuwa na mpaka, nchi kavu wala majini. Mwanamume hakutamka jina la mama mkwe wake, hakumtazama usoni, wala hakumwambia neno ila kwa kinywa cha mtu mwingine. Wakikutana njiani, mmoja aliingia majanini. Akipita mlangoni pake alikohoa au akagonga ukuta, na mama akajifunika shuka mpaka apite. Watu waliiona ni heshima, na kweli ilikuwa heshima.

Mwaka mmoja ziwa lilifura, likala mashamba yote ya mihogo ya Buramba, kijiji cha wazee wetu. Ghalani kulibaki chakula cha miezi miwili tu. Nje ya ghuba, mbali, palikuwa na kisiwa kidogo ambacho hakuna aliyewahi kukikanyaga. Wazee wakaamua kikakaguliwe: kama udongo wake unalisha, watu wahame, kama haulishi, wajue moja. Aliyejua udongo kwa kuuonja alikuwa Nyabweke, mjane wa makamo. Aliyeweza kuendesha tanga katika pepo zile zisizo na msimamo alikuwa Mugeta, na Mugeta alikuwa amemwoa binti wa Nyabweke. Mimi nasikia balaa hapo, lakini wao hawakulisikia. Walimpa Bwire tu, rafiki wa Mugeta, awe kinywa kati ya wakwe hao.

Waliondoka ziwa limetulia. Kabla jua halijapanda vizuri upepo uligeuka mara mbili, mvua ikawapiga, jua likatoka, kisha upepo ukafa kabisa wakabaki wanaelea. Nyabweke alikaa mbele, shuka kichwani, mgongo kwa mkwewe. Kila tanga lilipogeuzwa, Mugeta alimwambia Bwire, Bwire akamwambia mama asogee kulia, na mama akasogea. Kila mara amri ilichelewa na maji yakaingia.

Walifika mchana. Kisiwa kilijaa popo na kenge, na mizizi ilizagaa kila mahali. Nyabweke alichimba mahali patatu, akaonja, na mara ya tatu akameza. Udongo ulikuwa mweusi na mtamu. Bwire, aliyekuwa na watoto wanne wenye njaa nyumbani, alilia waziwazi. Wakajaza kikapu udongo ule wakaanza kurudi.

Walikuwa nusu ya njia wingu jeusi liliposhuka. Upepo ulipinda ghafla, mti wa tanga ukazunguka ukampiga Bwire kifuani, akaenda majini. Mugeta alikuwa na kasia la usukani mkono mmoja na kamba ya tanga mkono wa pili; angeachia chochote, mtumbwi ungepinduka. Kamba ya kumrushia mtu ilikuwa miguuni pa Nyabweke, naye alitazama mbele, hajaona kitu, na mvua ilikuwa imemeza kilio cha Bwire.

Mugeta akakohoa. Akagonga ubavu wa mtumbwi kwa goti, kama mtu apitaye mlangoni pa mkwewe. Nyabweke alisikia, na kwa kuwa alikuwa mwanamke mwenye adabu, akajifunika zaidi.

Akagonga tena. Akajifunika tena. Bwire aliinua mkono, akauinua mara ya pili.

"Nyabweke," Mugeta akasema, na sauti ikamtoka kama ya mtu anayetukana. "Geuka. Tupa kamba."

Aligeuka papo hapo, akairusha kamba mahali penyewe. Hapakuwa na mkono wa kuishika.

Buramba walifika wawili na kikapu cha udongo. Wazee, hata kabla ya kumlilia Bwire, walimshtaki Mugeta kwa jina alilolitamka, wakamtaka atoe mbuzi. Nyabweke akasimama, akaondoa shuka kichwani mbele ya watu wote, akamtazama mkwewe usoni.

"Mwanangu ameniita mara moja, na amechelewa," alisema. "Mimi nilimsikia akigonga mara mbili, nikajifunika. Bwire tumemuua sisi wawili, kwa adabu. Mbuzi huyo mpelekeeni mjane wake."

Watu walihamia kisiwani, ndipo hapa tunapokaa, na mihogo haijatunyima.

Na tangu siku hiyo, mama mkwe akiingia mtumbwini mwa mkwewe hufunua uso, hukaa akimwelekea nahodha, na kabla kasia halijagusa maji humwambia, "Naitwa fulani. Niite." Nahodha hulirudia jina hilo kwa sauti, wote wasikie. Wakishuka mchangani shuka hurudi kichwani, na mkwe huingia majanini kama kawaida. Lakini majini mama akiitwa huitika, na kamba iko mkononi mwake tayari.