Kindi na Ukuta wa Dubu

Hapo zamani za kale, wanangu, huko Ulaya kwenye baridi ya kupenya mifupa, wanyama walikuwa na mji wao mmoja, wenye soko moja na kisima kimoja. Dubu akaja, akajitawaza. Asubuhi moja wenyeji wakaamka na kuwakuta Mbwa Mwitu, askari wake, wakipanga mawe katikati ya mji. Puu! Puu! Kufika jioni ukuta umesimama, juu yake miiba, na lango moja limefungwa kwa komeo.

"Ni kwa usalama wenu," alisema Dubu.

"Usalama gani?" Kindi akaruka mbele. "Mama yangu yuko ng'ambo! Alikwenda kumwuguza shangazi, arudi kesho!"

"Basi hatarudi kesho," Dubu akamjibu, akaenda zake kula asali.

Kindi hakungoja. Siku hiyo hiyo akauparamia ukuta, paru paru paru! Mbwa Mwitu mkuu akamdaka, hap! Kindi akaponea chupuchupu, lakini nusu ya mkia ikabaki kinywani mwa askari.

Miaka ikapita. Kindi akaolewa, akazaa, na bibi wa watoto wale hakuwahi kuwapakata. Upepo ukivuma kutoka ng'ambo, Kindi alisikia kikohozi cha mama yake. Alikuwa akitega sikio hadi upepo utulie, kisha akirudi jikoni kwa hasira.

Mwaka mmoja, majani yalipoanza kupukutika, uvumilivu uliwaishia. Kila alasiri wanyama wakajazana mbele ya pango la Dubu wakipiga kelele: "Fungua! Fungua!"

Dubu alikuwa anajiandaa kwa usingizi wake wa majira ya baridi. Akapiga miayo, aaaaah! Akamwita mpiga mbiu wake, Bata Bukini.

"Kawaambie hao wapiga domo kwamba ruhusa ya kuvuka itafikiriwa mwakani, theluji ikiyeyuka. *Itafikiriwa*, umesikia? Mimi nalala. Atakayeniamsha nitammeza mzimamzima."

Kindi alikuwa tawini, juu ya pango. Alisikia kila neno. Pia alimfahamu Bukini vizuri: shingo ndefu, majivuno marefu zaidi.

Bukini akapanda jiwe. "Kwaa! Kwaa! Sikilizeni! Kuhusu ruhusa ya kuvuka..."

"Samahani, Mheshimiwa!" Kindi akadakia kabla hajamaliza. "Neno hilo ni lako au la Dubu? Maana wenzangu wanasema wewe ni kinywa tu. Eti huna amri hata ya kufungua banda la kuku."

Umati ukaangua kicheko. Bukini akavimba mpaka manyoya yakasimama.

"Mimi? Mimi ndiye ninayetangaza sheria!"

"Nami niliwaambia hivyo hivyo! Sasa hiyo ruhusa inaanza lini? Au mpaka ukaulize?"

"Simwulizi mtu! Inaanza... inaanza..." Bukini akatazama macho yote yale yaliyomkodolea. "Inaanza sasa hivi! Kwaa!"

"Mmesikia, jamani?" Kindi akapaza sauti. "Sasa hivi!"

Vuuuu! Umati ukatimka kuelekea langoni. Bukini akabaki juu ya jiwe, shingo imemlegea.

Langoni alisimama Mbwa Mwitu mkuu, meno nje. "Rudini, au niwararue!"

Kindi hakurudi nyuma hata hatua moja.

"Bukini katangaza ruhusa."

"Sijaambiwa mimi."

"Kamwulize Dubu. Nenda tu umwamshe."

Mbwa Mwitu akatega sikio. Khrrrr! Khrrrr! Mkoromo wa Dubu ulitikisa mawe.

"Na nikifungua, kumbe si amri yake?"

"Utasema Bukini alitangaza, na mji mzima ni shahidi. Lakini ukituua, kumbe ni amri yake, utamjibu nini akiamka?"

"We kijidudu, nitakutafuna!"

"Nitafune! Mkia umebaki nusu, malizia. Lakini kisha utawatafuna na hawa wote nyuma yangu. Una tumbo la kuwatosha?"

Mbwa Mwitu akautazama umati. Hakuna aliyeinamisha kichwa. Akashusha pumzi, akavuta komeo. Kiiiiri!

Ng'ambo, katikati ya vifijo na machozi, kikongwe mmoja mwenye sharubu nyeupe alikuwa akijipenyeza huku akikohoa. Kindi akakitambua kikohozi kile kabla hajaiona sura.

"Hawa ni wa nani?" mama akauliza, akiwatazama watoto.

"Ni wako, mama. Wapakate."

Majira yote ya baridi wanyama waliubomoa ukuta, ko! ko! ko! Theluji ilipoyeyuka, Dubu akatoka pangoni, akafikicha macho.

"Nani kabomoa ukuta wangu?"

"Sisi," Kindi akamjibu. "Sote."

"Mbwa Mwitu! Ujengeni upya!"

Askari wakatazamana. Mkuu wao akaketi chini, akajikuna sikio. "Jenga mwenyewe, Bwana Mkubwa. Sisi tunakwenda sokoni."

Dubu akanguruma. Hakuna aliyekimbia. Akanguruma tena, sauti ikamkatika, akageuka akaingia msituni peke yake.

Wanangu, shikeni hili: ukuta wa mbabe husimama juu ya woga wa wanyonge.