Kiboko Apewa Ulezi wa Kundi la Bure

Paukwa!

— Pakawa!

Simu zenu?

— Tumezima!

Na mwongo nani?

— Wewe unayesimulia!

Haya, basi uongo wangu nawapa bure, sidai hata senti.

Si zamani sana, Nguchiro alifungua kundi la simu, akaliita Maji na Malisho. Aliyeona majani mabichi aliandika. Aliyeona simba aliandika. Ting! Swala akasoma, akamhamisha mtoto wake. Ting! Kanga akasoma, akakimbilia kichakani. Kuingia bure, kusoma bure, kutoka bure.

Lakini bando si bure, jamani. La kundi zima alinunua Nguchiro peke yake, dukani kwa Nungunungu muuza vocha, kwa mayai. Mayai yalitoka wapi? Msiniulize mbele ya Kanga. Siku ikafika mayai yakaisha, na bando lilikuwa linakatika kesho yake. Nguchiro akakosa raha. Swala angejuaje simba alipo?

Mara, puu! puu! puu! Kiboko huyo. Kiboko alikuwa na shamba la miwa kando ya mto, mwisho wake hata yeye haujui, na bado alichungulia cha wenzake.

"We Nguchiro! Nasikia wanyama wote wanasoma kwako bure?"

"Ndiyo, mzee. Shikamoo."

"Shikamoo baadaye. Kuanzia kesho kila anayesoma alipe, na mapato nakula mimi. Ukibisha, nakukalia."

Nguchiro aliogopa, nisiwadanganye; ukikaliwa na Kiboko hakuna rufaa.

"Sawa, mzee. Ila nani atamlipa mtu asiye na cheo? Ngoja kwanza nikutangaze kuwa mlezi wa kundi."

"Mlezi anaitwaje?"

"Anaitwa Mheshimiwa."

"Nitangaze!"

Ting! "Ndugu zangu, tumepata mlezi: Mheshimiwa Kiboko!"

Ting! Hongera, Mheshimiwa! Ting! Makofi. Ting! Kanga akatuma maua, Fisi akatuma maua, hata Konokono alituma, yake yakafika jioni. Kiboko alijilaza topeni akisoma, masikio yakimcheza kwa furaha.

Ndipo Nguchiro akaandika: "Ndugu, bando letu linakatika kesho. Na mnajua ada zetu, mchango hufunguliwa na mlezi. Karibu, Mheshimiwa."

Wanyama wote wakakodolea simu macho.

Kiboko anaandika...

Akaacha.

Kiboko anaandika...

Akaacha.

Ting! "Natoa mzigo mmoja wa miwa."

Swala akajibu kwa adabu zake zote: "Mheshimiwa, labda kidole kimeteleza? Kundi la ng'ambo ya mto mlezi wao alitoa mizigo mitano, naye ni Ngiri tu."

Kiboko anaandika...

Akaacha.

Kiboko anaandika...

Ting! "Kumi!"

Ting! Ting! Ting! Makofi, maua, vigelegele!

Kiboko akabeba miwa, puu! puu! puu!, mpaka dukani. Bando likapatikana la msimu mzima. Naye Nungunungu, kwa kuletewa mteja mnene namna ile, akamrudishia Nguchiro mayai yake.

"Na mapato yangu?" Kiboko akauliza, anahema.

"Yadai kundini, Mheshimiwa. Wote wanasoma."

Kiboko akashika simu. Kiboko anaandika... Kabla hajamaliza, ting! Kanga: "Shikamoo, mlezi wetu. Umeamkaje?"

Kiboko akasoma. Akasoma tena. Akafuta alichokuwa anaandika. "Marahaba, mwanangu," akajibu, akatabasamu mpaka magego yakaonekana.

Mpaka leo kundi ni la bure. Kiboko analipa, na kila asubuhi anaamkiwa na msitu mzima. Nguchiro anakula mayai. Mtoto wa Swala ameota pembe.

Fundisho? Cheo ni kitu kizuri, kila mtu akitafute. Na kazi za kujitolea hazilipi, msizifanye.

Ngano yangu imefika nyumbani; ukweli wake gawaneni, uongo niachieni mwenyewe. Ni ya bure, nilishasema. Ila nina furaha kuwatangazia kwamba tumepata mlezi wa ngano: yule pale mlangoni, aliyecheka kuliko wote. Mpigieni makofi! Karibu, Mheshimiwa. Koo limenikauka, na ada zetu umezisikia.